Spika mbili: utajuaje ipi ina sauti nzuri?

Umeingia dukani na pesa ya mavuno, unatafuta sabufa. Muuzaji anawasha ya kwanza, kisha anawasha ya pili, yenye bei kubwa. Ya pili inakuvutia papo hapo. Kabla hujalipa, angalia kitufe cha sauti. Huenda ya pili imefunguliwa zaidi, basi.

Kwa nini tunadanganyika

Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii besi vizuri. Sauti ikipanda, besi hujitokeza. Kwa hiyo spika ileile, ikiongezwa kidogo, huonekana nono na safi zaidi.

Macho nayo yanachangia. Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambamo watu 40 walizipa alama spika nne, kwanza bila kuziona, kisha wakiziona. Walipoziona, alama zilibadilika: spika ndogo ya bei nafuu ilishuka, ingawa sauti yake haikubadilika.

Namna ya kupima

Tumia wimbo unaoujua vizuri, kutoka simu moja au flashi moja. Ongeza na sauti ya mtu anayezungumza. Sisi watangazaji tunaipenda njia hii, kwa sababu kila mtu anaijua sauti ya binadamu. Msemaji akisikika kama yumo ndani ya pipa, au herufi "s" zikichoma masikio, spika hiyo ina kasoro.

Weka spika zote mahali pamoja. Ikiwa kwenye kona ya ukuta, besi huongezeka. Zima pia mipangilio ya kuongeza besi.

Punguza ile yenye sauti kubwa mpaka zilingane. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote.

Cheza kipande kifupi kilekile, ukihama haraka kutoka spika moja hadi nyingine. Kumbukumbu ya sauti haidumu. Ukisubiri dakika kadhaa unaanza kubahatisha.

Mwisho, geuka nyuma. Mwenzako arushe shilingi kuamua awashe ipi, nawe utaje ni ipi. Rudieni mara kumi. Ukipatia tisa au kumi, tofauti unaisikia kweli. Ukipatia tano au sita, hujamzidi mtu anayebahatisha.

Ukishindwa kuzitofautisha

Hilo nalo ni jibu, wala si aibu. Chukua ya bei nafuu, au ile ambayo betri yake inakaa na fundi wa kwenu anaweza kuitengeneza. Pesa inayobaki ni yako.

Na muuzaji akikataa kushusha sauti ili zilingane, usiwe na haraka. Duka jingine lipo.