Ufilipino: Ukimya wa anayenyanyaswa kingono kazini si ridhaa

Ufilipino imekuwa na sheria dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini tangu mwaka 1995. Hata hivyo, wengi wanaofikwa na madhila hayo hawaanzi kwa kupeleka malalamiko. Huanza kwa kunyamaza, kumkwepa mhusika na kutafuta namna ya kuendelea na kazi. Mara nyingi ukimya huo umehesabiwa kuwa ridhaa, na mahakama za nchi hiyo zimelazimika kuutazama upya.

Haya, fadhila na maelewano

Maneno matatu ya Kitagalog husaidia kuueleza. Hiya ni haya au aibu: anayetendewa huhofia kwamba fedheha itamwangukia yeye na jamaa zake badala ya mtendaji. Utang na loob ni deni la fadhila: aliyepata ajira kwa msaada wa mkubwa fulani huona vigumu kumshitaki. Pakikisama ni kupatana na wenzako: anayechukizwa na mzaha mchafu ofisini huogopa kuonekana mkorofi.

Hilo halina maana kwamba vitendo hivyo hukubalika. Lugha hiyohiyo ina neno bastos, linalomtaja mtu asiye na adabu, mwenye kauli na mikono michafu, nalo ni tusi zito.

Kwa hiyo wafanyakazi hujihami kimyakimya. Huomba kubadilishiwa zamu, huingia kwa mkubwa wakiwa wawili, hugeuza maneno kuwa utani, na huwanong'oneza wageni kazini wajihadhari na nani. Wengine huacha kazi. Kwa mtu ambaye mshahara wake hulisha nyumba nzima, njia hizo zina busara yake. Kasoro yake ni moja: anayehama ni aliyeonewa, na mtendaji hubaki kitini pake.

Kesi ya muuguzi

Mwaka 2000, Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliamua kesi ya muuguzi wa kampuni moja aliyefukuzwa kazi, akituhumiwa pamoja na mengine kumrushia meneja stepla. Muuguzi alieleza kwamba meneja huyo alikuwa akimtaka kimapenzi kwa muda mrefu. Akaulizwa: mbona alinyamaza kwa takriban miaka 4?

Mahakama ilisema kwamba hakuna muda maalumu ambao mtu hutazamiwa awe amelalamika, kwani hali na uvumilivu wa watu hutofautiana, na kupoteza kazi ni hofu ya kweli. Iliamua kwamba alifukuzwa isivyo halali.

Mwaka 2008, katika kesi iliyomhusu mwenyekiti wa tume ya taifa inayoamua migogoro ya kazi, mahakama hiyo ilieleza kwamba takwa la kingono si lazima litamkwe. Vitendo vyenyewe vinaweza kulidhihirisha.

Kuziba pengo

Sheria ya 1995 iliwalenga wenye mamlaka au ushawishi juu ya mwingine, hali inayokaribiana na rushwa ya ngono. Mfanyakazi aliyesumbuliwa na mwenzake wa ngazi moja hakupata kinga humo. Mwaka 2019 ilipitishwa Sheria ya Maeneo Salama, maarufu kama Bawal Bastos, yaani ubastos ni marufuku. Hiyo inahusu pia wenye vyeo sawa, walio chini dhidi ya wakubwa wao, na ujumbe wa simu na intaneti.

Kila mwajiri anatakiwa kuwa na kamati ya uchunguzi inayoongozwa na mwanamke, ambayo angalau nusu ya wajumbe wake ni wanawake. Kamati huamua lalamiko ndani ya siku 10, hutunza siri na kumlinda mlalamikaji dhidi ya kisasi. Mwajiri anayepuuza wajibu wake hutozwa faini ya kati ya peso 5,000 na 15,000, kiasi kidogo kwa kampuni kubwa.

Kinga hiyo humfikia kwa shida Mfilipino anayefanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, kama ilivyo kwa wenzake kutoka Kenya na Uganda. Huko mahali pa kazi ni nyumbani kwa mwajiri, na hakuna kamati mlangoni.

Mwaka 2024 Ufilipino iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini. Uganda iliuridhia mwaka 2023. Lakini mkataba na kamati havitamfaa mfanyakazi mpaka aamini kwamba akisema, atakayeulizwa maswali ni aliyemtenda, na kesho yake atairudia kazi yake.