Fungu la Wasioacha Makaburi

Ndugu wana-Gulwe, Reli ya Kati ilipita kwetu ikafika Dodoma mwaka 1910, Kigoma 1914. Wahindi wenye maduka waliifuata stesheni hadi stesheni. Wahindu kati yao huchoma maiti, basi hawakuacha makaburi ya kutukumbusha.

Nairobi, tanuri la Wahindu la Kariokor ndilo lililompokea Profesa Wangari Maathai, Oktoba 2011, naye hakuwa Mhindu.

Tunapochangia uzio wa makaburi yetu, tutenge na fungu la mahali pa kuchomea: banda la bati, sakafu ya zege, tangi la maji, stoo ya kuni. Kihesabu (ndiyo kazi yetu) si mzigo. Ila pawe mwinuko. Mafuriko ya 2009/2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe.