Mnara Hauhami: Mo Ibrahim, Celtel na Siasa ya Kampuni Mama

Wanaomsifu Mo Ibrahim humsifu kwa kuwafikishia Waafrika simu ya mkononi. Wanaomlaumu humlaumu kwa kuiuza kampuni yake, Celtel, mara ilipoanza kunona. Wote wanazungumzia simu. Makala haya yanadai kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kupanga umiliki: hisa ziwekwe katika kampuni ipi, ya nchi ipi, na nani awe mezani siku ya kuuza. Mkoa wa Pwani, ambao leo unawakaribisha wageni wenye mitaji kuanzia Kibaha mjini hadi Kwala, una sababu ya kumsoma kwa jicho hilo.

Ibrahim ni Mnubi wa Sudan, aliyezaliwa 1946, akakulia Misri na kusomea uhandisi wa umeme Alexandria. Alilitumikia shirika la simu la Sudan kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1974, akasoma Bradford, kisha akapata shahada ya uzamivu Birmingham katika mawasiliano ya simu za mkononi. Mwaka 1983 aliingia British Telecom na kuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni ya simu za mkononi. Mwaka 1989 aliacha ajira hiyo, akaanzisha MSI, kampuni ya ushauri na ya programu za kupangia mitandao: mnara usimame wapi, masafa yagawanywe vipi. Haikuwa na mnara hata mmoja. Ilichouza ni maarifa, na wafanyakazi wake walipewa hisa. Marconi iliinunua mwaka 2000 kwa takriban dola milioni 900. Mhamiaji aliyekuja kusoma alikuwa amejifunza jambo lisilofundishwa Birmingham, kwamba mwenye hisa hulipwa hata kwa kazi ambayo bado haijafanyika.

Celtel, kampuni ya mitandao ya simu, ilizaliwa 1998 kutoka ubavuni mwa MSI. Mabenki hayakutaka kukopesha biashara ya simu Afrika, kwa hiyo ikakua zaidi kwa mtaji wa hisa. Bodi iliweka sharti moja kali: hakuna mtu, hata mtendaji mkuu, aliyeruhusiwa kuidhinisha malipo yanayozidi dola 30,000 bila ridhaa ya bodi. Sharti hilo kwa kawaida hutajwa kama kinga dhidi ya rushwa, na lilikuwa kinga kweli. Lakini kampuni yenye vitabu safi pia huuzika kwa bei nzuri, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Tanzania iliingia katika hadithi hii mwaka 2001, pale ubia wa MSI na Detecon ya Ujerumani ulipochukua asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya Serikali. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120; nusu ililipwa, nusu ikazaa mgogoro wa mahesabu. Mwaka 2005 Celtel Tanzania ilitenganishwa na TTCL, Serikali ikabaki na asilimia 40. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya MTC ya Kuwait ilikubali kuinunua Celtel nzima kwa dola bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain, kisha mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikachukua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7.

Mwuza vocha wa Maili Moja, Kibaha, wa miaka hiyo aliona kibanda chake kikipakwa rangi ya Celtel, kisha ya Zain, kisha ya Airtel, wateja wakiwa walewale na mnara ukiwa palepale. Kisheria, kilichouzwa hakikuwa Kibaha wala Dar es Salaam. Zilizouzwa ni hisa za kampuni mama zilizosajiliwa Uholanzi. Serikali, mbia wa asilimia 40 huku chini, haikuwa muuzaji.

Mtetezi wa Ibrahim atauliza: bila kampuni mama ya Ulaya, nani angeweka fedha zake? Swali ni la haki. Mwekezaji wa 1998 alitaka mahakama anayoijua na mlango wa kutokea. Hata hivyo, hoja hiyo inaeleza kwa nini mlango uliwekwa Uholanzi. Haielezi kwa nini mwenyeji hakujitengea ufunguo. Kibaha yenyewe ina mfano wa utaratibu mwingine. Shirika la Elimu Kibaha, pale Tumbi, lilianza 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Ule ulikuwa msaada, si biashara, na kulinganisha viwili hivi kuna mipaka. Ila waliojenga walijua tangu mapema watamkabidhi nani.

Afrika Mashariki ilichelewa kujibu, ikajibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisheria. Uganda iliidai Zain kodi ya mauzo ya 2010, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mamlaka ya mapato ilikuwa na haki ya kumtoza muuzaji asiye mkazi. Tanzania ilirekebisha Sheria ya Kodi ya Mapato mwaka 2012 ili mabadiliko ya umiliki yanayofanyika juu, katika kampuni mama, yatambuliwe kikodi huku chini. Njia ya pili ilikuwa ya kisiasa. Mwaka 2016 Serikali ilizirejesha mikononi mwake asilimia 35 za hisa za TTCL kwa shilingi bilioni 14.9, Desemba 2017 Rais Magufuli akadai Airtel Tanzania ni mali ya TTCL, na 2019 makubaliano yakaipa Serikali asilimia 49. Njia hiyo ilileta matokeo ya haraka, lakini hutegemea nani yuko Ikulu, ilhali kifungu cha sheria humsubiri kila mnunuzi.

Tofauti na mauzo ya 2005 na 2010 ilionekana mwaka 2021, Airtel Tanzania ilipokubali kuuza minara yake ipatayo 1,400 kwa dola milioni 175. Airtel Africa ilitangaza kwamba takriban dola milioni 60 za mauzo hayo zingetumika kuwekeza katika mtandao wa Tanzania na kugawiwa Serikali, kama walivyokubaliana, na kiasi kilichobaki kipunguze madeni ya kampuni mama.