Birika la Kua: Nani Alikuwa Anachota Maji?

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wanayajua haya: viatu vinabaki mlangoni, na kwenye nyumba za kuogea yupo mama wa kazi anayekusugua mpaka taka zinatoka. Watu wanaona ni mambo mapya. Kumbe huku mwambao, Mafia ikiwemo, yana umri mrefu tu.

Vuka bahari mpaka Juani, kisiwa kidogo jirani na Chole. Huko kuna magofu ya Kua, mji wa mawe uliostawi karne ya 18. Kando ya mlango wa msikiti wake mkubwa bado panaonekana mahali pa kutawadhia. Huingii na vumbi la njiani, unanawa kwanza. Majumbani nako vilevile. Nyumba za mawe za mwambao, toka Lamu na Gedi mpaka Kilwa, zilijengwa na choo humohumo ndani, pamoja na birika la kuhifadhi maji. Lamu walifuga hata visamaki kwenye birika ili vile viluwiluwi vya mbu. Yaani wamewaza kila kitu!

Bibi wa kiungwana alikuwa na utaratibu wake. Anaoga, anasingwa kwa singo ya liwa, karafuu, waridi na asumini, halafu nguo zake zinafukizwa udi kwenye chetezo. Mgeni akija, anamiminiwa maji anawe mikono kabla hajagusa chakula. Usafi ndio ulikuwa kitambulisho cha uungwana.

Sasa tatizo ni moja: birika halijijazi lenyewe. Nani alikuwa anachota?

Mtumwa. Mara nyingi mwanamke, na jina lake hakuna aliyejisumbua kuliandika. Mtungi kichwani, kisimani na kurudi, kaniki mwilini, miguu peku. Viatu vilikuwa vya waungwana, halafu vumbi la miguuni likafanywa ushahidi kwamba yeye si muungwana. Anawasugua wenzake wang'ae, kisha yeye ndiye anaitwa mshenzi. Jamani!

Na dunia haina mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava wa Madagaska, ile Bukini ya wazee, waliivamia Kua kwa mitumbwi, wakauharibu mji na kubeba watu utumwani. Aliyekuwa akimiminiwa maji jana, leo anaamrishwa akachote. Singo na udi havikumkinga mtu.

Utumwa wenyewe ulichukua muda kuisha. Wajerumani waliitawala Mafia miaka mingi bila kuupiga marufuku moja kwa moja. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1915, na sheria ya kuukomesha Tanganyika nzima ikaja 1922. Mwambao mzima, wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki wakajifunga kanga za rangi. Haikuwa mitindo tu. Mtu alikuwa anasema: na mimi ni mtu, nanukia kama wewe.

Ndiyo maana leo bibi harusi wa Kilindoni akiwekwa ndani, anasingwa na kufukizwa bila mtu kuuliza bibi yake mzaa bibi alikuwa nani, mwenye birika au mbeba mtungi. Kilichokuwa cheo cha wachache kimekuwa mila ya wote. Ila sifa za usafi wa wazee zikitajwa, yule wa mtungi naye ahesabiwe. Bila yeye, Kua isingenawa.