Kipupwe, Upepo na Mwani wa Ziwa Nyasa

Baridi ya kipupwe, ambayo mwezi Juni na Julai hufunika miinuko ya Kilolo, mkoani Iringa, kwa ukungu na kuwafanya watu wakoke moto mapema, huambatana na upepo wa kusini-mashariki, na upepo huohuo ndio ambao tangu kale umeamua ni lini maji ya Ziwa Nyasa, upande wa pili wa Nyanda za Juu Kusini, yatajaa mwani, yaani viumbe vidogo mno vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Katika majira ya joto maji ya juu ya ziwa hufikia nyuzi 28 hivi, ilhali ya chini hubaki karibu nyuzi 23 mwaka mzima. Na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Mwani na viumbe wengine wakifa huzama na kuoza, na uozo huo humaliza oksijeni, ndiyo maana chini ya mita 220 hivi, katika ziwa lenye kina cha takriban mita 700, samaki hawaishi kabisa. Hata hivyo, akiba kubwa ya fosforasi na silika, ambazo mwani huzihitaji, imelala hukohuko gizani. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyapoza, maji yenye rutuba yakapanda upande wa kusini, na diatomu, yaani mwani wenye maganda magumu ya silika, wakastawi kwa wingi. Upepo ukitulia na matabaka yakijitenga tena, nafasi yao huchukuliwa na sayanobakteria, ambao baadhi yao huelea karibu na mwanga na kujipatia naitrojeni inayotoka hewani.

Maganda ya diatomu huzama na kutunzwa katika tope la sakafuni, na hapo ndipo historia hii inaposomeka. Tope lililochimbwa kaskazini mwa ziwa linaonyesha kwamba kati ya mwaka 1570 na 1850 hivi silika ya diatomu ilirundikana kuliko kawaida, jambo ambalo watafiti wamelieleza kwa pepo za kaskazini zilizovuma kwa nguvu zaidi na kupandisha maji ya chini katika eneo la Kyela na Matema ya leo. Kwa karne ambazo Unyakyusa, yaani nchi ya Wanyakyusa ya eneo hilo, haina maandishi yake, ushahidi huu hauna budi kuthaminiwa sawasawa na masimulizi ya wazee. Lakini si kila badiliko la mwani ni kazi ya hali ya hewa: katika Ziwa Masoko, ziwa dogo la kreta wilayani Rungwe, kumbukumbu ya diatomu ya miaka 50,000 iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba majivu ya volkano nayo yaliwabadili viumbe hao.

Tukirudi Ziwa Nyasa, wenyeji wa mwambao waliyajua matokeo ya mpangilio wa matabaka ya maji kwa njia ya chakula. Viluwiluwi vya wadudu waitwao kungu hushinda mchana katika maji ya kina yenye oksijeni haba, ambako samaki hawawafuati, kisha hupanda usiku kula vijidudu vinavyoishi kwa mwani. Wakikomaa huruka kwa makundi yanayoonekana kwa mbali kama moshi. Mvumbuzi Mskoti David Livingstone, aliyefika ziwani tena mwaka 1861, aliandika kwamba wenyeji waliwanasa usiku, wakawapika kuwa mikate minene, na ladha yake akailinganisha na ya nzige waliotiwa chumvi.

Vipimo vya joto la kina vilivyochukuliwa ziwani na mtafiti Beauchamp mwaka 1939 viliwapa watafiti wa baadaye kianzio cha kulinganisha: katika miongo sita iliyofuata, maji yaliyo chini ya mita 300 yaliongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.7. Maji hayo huburudishwa na maji baridi, mazito, yanayozama kutoka juu wakati wa kipupwe, na kipupwe kikipungua makali, kiasi kinachozama hupungua pia. Mchanganyiko ukidhoofika kwa miaka mingi, rutuba inayofika juu hupungua, na pamoja nayo diatomu, vijidudu wanaowala, na hatimaye usipa, samaki wadogo wanaoanikwa juani katika fukwe za Kyela.