Klabu ni Amana: Kutoka Jangwani hadi Rujewa

Ndugu Waislamu, mpira ni mchezo tu, lakini historia ya klabu zake ina mazingatio kwa mwenye kuzingatia.

Mwaka 1935 Waafrika wa Dar es Salaam waliunda klabu ya Young Africans, ndiyo Yanga. Mwaka wa pili yake baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda ya kwao, ambayo baada ya kuitwa Sunderland ikawa Simba mwaka 1971. Zama hizo mchezo ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji mchana alitafuta riziki yake, jioni akaenda kiwanjani. Wanachama walitoa ada, na kwa ada hiyo wakawa ndio wenyewe. Waligombana, wakatengana, lakini hapana aliyeichukua klabu akaipeleka mji wa mbali. Mpaka leo Yanga iko Jangwani, na Simba iko Msimbazi.

Sasa tutazame bara. Rujewa ni makao makuu ya wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, katika bonde la Usangu, nchi ya mpunga. Wilayani humo, Ubaruku, ndipo ulipo uwanja wa Highland Estates, nyumbani kwa Ihefu, klabu iliyobeba jina la ardhi oevu ya bonde hilo. Ilipanda Ligi Kuu 2020, ikashuka 2021, ikarejea 2022. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1, nayo Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Tarehe 4 Oktoba 2023 ikaifunga tena, 2-1.

Furaha haikudumu. Msimu huo huo timu ilihamia Singida, na mwaka 2024 hata jina likaondoka. Ikawa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali hawakushuka daraja, wala hawakufungwa. Walibaki na uwanja na kumbukumbu.

Hapa pana funzo. Kinachojengwa kwa senti za wengi kina wengi wa kukilinda. Kinachotegemea mfuko wa mmoja, siku mfuko ukihama nacho huhama. Basi na tuziangalie madrasa zetu na vyama vyetu vya kuzikana: je, bado tunatoa, au tunamngojea tajiri? Shilingi ya maskini ni ndogo, lakini ndiyo inayompa haki ya kusema, “Hiki ni chetu.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.