Sayyid Abdalla bin Ali na Magofu ya Pate

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zangu Waislamu wa Mbarara na Nakivale, nimetakiwa na wazee niandike machache katika kitabu hiki cha ukumbusho, nami nimeona nieleze khabari za mtu aliyetazama nyumba zilizobomoka, akatoa humo mawaidha yaliyodumu miaka mia mbili.

Mtu huyo ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Aliishi katika visiwa vya Pate na Lamu, pwani ya Kenya, katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Utenzi wake mashuhuri ni Al-Inkishafi, wenye beti zikaribiazo 80.

Pate ulikuwa mji wa wafalme wa Kinabahani. Matajiri wake walijenga majumba ya mawe na chokaa, na katika zidaka za kuta wakapanga vyombo vya kauri vya Kichina. Neema hiyo ililetwa na bahari. Lakini maji ya bandari yake yalikuwa haba, na jahazi haikuingia ila maji yajaapo. Kisha ikazuka fitina ya kugombea ufalme, na vita na Lamu. Kiasi cha mwaka 1813 watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa walishuka Shela kuipiga Lamu, wakashindwa. Husimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani, na wengi wakauawa papo hapo. Pate haikurudia tena utukufu wake.

Sayyid Abdalla alipoyatazama magofu yale, yaliyokuwa maskani ya popo na ndege, hakumtukana adui. Aliusemesha moyo wake mwenyewe, akaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye miamba. Utenzi ukanakiliwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1939 W. Hichens akauchapisha London.

Siku moja, baada ya darsa Nakivale, mzee mmoja aliyetoka kando ya ziwa Tanganyika aliniuliza, “Sheikh, mambo ya pwani yatuhusu nini sisi watu wa bara?” Nikamwuliza, “Mzee wangu, wewe uliacha nini kwenu?” Akanyamaza kitambo, akasema, “Nyumba, na mtumbwi wangu ufukoni.” Nikamwambia, “Basi utenzi huu ni wako.”

Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wengi wetu tumeacha magofu nyuma yetu, na mengi yalibomolewa na fitina kabla ya risasi. Sasa nasikia hata hapa watu waulizana kabila la imamu kabla ya kupanga safu. Ndugu zangu, hivyo ndivyo Pate ilivyoanza.

Sayyid Abdalla hakujenga upya hata ukuta mmoja, lakini aliyoyaandika yangali yamesimama. Kwa hiyo nawaomba wazee wawasimulie watoto majina ya miji yao na misikiti yao, na sababu ya kuanguka kwake, bila ya kuficha makosa yetu wenyewe.

Wabillahi taufiq. Wassalaam.